Anayepishwa Njiani

Mara ya kwanza Liberatus Kalinga alipomwona mke wake akimkimbia mwanamume yule ilikuwa sokoni Mbeya, mwezi wa Julai, asubuhi ambayo ukungu ulikuwa bado haujauachia mlima Loleza. Atuganile alikuwa ametangulia na kikapu cha viazi. Ghafla aliacha njia, akapita katikati ya kabichi za wanawake wa Kisafwa, akachuchumaa nyuma ya gunia la mkaa na kujifunika kanga kichwa kizima. Alikaa hivyo, mgongo umeelekea njia, mpaka mtu mmoja alipokwisha kupita.

Mtu huyo alikuwa mrefu, umri wake sawa na wa Liberatus au pungufu kidogo, amevaa koti la kijivu lililoshonwa vizuri. Naye aligeuzia uso wake upande wa pili. Basi walijuana. Mwanamume hamgeuzii uso mwanamke asiyemjua.

 Liberatus alikuwa mpimaji wa damu katika hospitali ya serikali, na kazi yake ilikuwa kuinamia darubini na kusema kama vijidudu vya malaria vimo au havimo. Mgonjwa aliweza kutetemeka na kuapa kwamba ni malaria. Kama kioo kilikuwa safi, Liberatus alijibu kwamba hakuna. Madaktari walimwamini kwa sababu hiyo. Jambo la sokoni alilichukua vivyo hivyo. Kitu kilichoonekana mara moja kinaangaliwa tena.

Kilionekana tena mbele ya duka la Mhindi, na tena kwenye njia ya kanisani. Kila mara ilikuwa namna ile ile: aliacha njia, akachuchumaa, kanga kichwani, mgongo kwa mpitaji. Siku moja ya mvua alikuwa na debe la maji kichwani asiweze kuchuchumaa, akaingia mtaroni na kusimama humo, maji yakimfikia kwenye vifundo vya miguu, mpaka koti la kijivu likapotea kwenye kona. Wanaume wengine wote aliwasalimu kwa sauti. Muuza nyama alitaniana naye kila Jumamosi, na mara nyingi ni yeye Atuganile aliyeanza.

Ni kwa muuza nyama huyo Liberatus alikopata jina, bila kumtaja mke wake.

"Yule? Asukile. Mtu wa mchele. Anachukua Rujewa, anauza hapa na kwingine. Mnyakyusa wa Rungwe." Muuza nyama aliangusha shoka juu ya mfupa. "Ana mke mmoja, anatafuta wa pili. Kwani una dada?"

Atuganile naye alikuwa mtu wa Rungwe, na alikuwa mjane. Hilo Liberatus alilijua kabla ya kumwoa. Mume wa kwanza, Andendekisye, alikwenda kuchimba dhahabu Chunya, akafa kwa homa kabla ndoa haijatimiza mwaka wa pili. Ndugu zake walitaka mjane arithiwe. Atuganile alikataa kwa sababu alikuwa Mkristo. Wazee wa kanisa la Moravian walimsimamia, baba yake akarudisha ng'ombe wa mahari, naye akaja Mbeya kukaa na kaka yake na kujifunza cherehani. Liberatus alikuwa Mhehe na Mkatoliki. Padri alitaka kwanza uhakika kwamba mume yule amekufa kweli, akaupata, akawafungisha ndoa. Tangu siku hiyo Andendekisye hakuwahi kumsumbua Liberatus. Mtu aliyekufa alikuwa swali lililokwisha kujibiwa. Huyu mwenye koti alikuwa hai, na alivaa vizuri.

Jioni moja, wakila, aliuliza.

"Yule mtu wa mchele anaitwa nani?"

Atuganile aliweka bakuli chini. "Yupi?"

"Unamjua yupi."

"Siwezi kumtaja."

"Huwezi au hutaki?"

"Siwezi, Kalinga." Alisema kwa upole, kama mtu anayesema jambo ambalo kila mtu analijua, kisha akamwuliza kama amwongezee mboga.

Alimwongezea, naye akala. Lakini tangu hapo kila kitu cha nyumbani kilianza kutoa ushahidi. Atuganile hakununua mchele kwa Asukile hata siku mchele wake ulipokuwa rahisi kuliko wa wengine. Mtu asiye na neno na muuzaji angenunua. Alipofua aliimba kwa Kinyakyusa, na Liberatus, aliyekuwa amekaa Mbeya miaka mingi bila kuona haja ya kujifunza lugha hiyo, alisimama dirishani akijaribu kusikia kama kuna jina ndani ya wimbo. Usoni mwa mke wake hakuona hatia. Hilo halikumtuliza, kwa kuwa alikuwa amewahi kuona damu nzuri nyekundu iliyojaa vijidudu.

Kilichomchoma zaidi ni kanga. Mwanamke hujifunika kwa mtu ambaye akimwona, kitu fulani kitaonekana usoni mwake. Atuganile hakuwahi kujifunika mbele ya Liberatus. Siku ya kwanza Liberatus alipompeleka nyumbani kwake, Atuganile alimtazama usoni, akamwambia koti lake limepungua kifungo, akatafuta sindano. Wakati ule Liberatus alifurahi. Sasa alijiuliza kwa nini yeye, mume, hakuwahi kuonewa haya hata siku moja.

Mwisho wa mwaka aliomba uhamisho kwenda Iringa. Alisema baba yake anazeeka na macho yanamwishia, jambo ambalo lilikuwa kweli. Uhamisho ukakubaliwa.

Walisafiri mwezi wa Februari. Basi liliondoka Mbeya alfajiri, mizigo juu, turubai limefungwa kwa sababu ya mvua. Atuganile alikaa dirishani, na alikuwa mchangamfu. Chimala walinunua mahindi ya kuchoma. Aliuliza baba mkwe wake anapenda chakula gani, na Kihehe cha kumwamkia ni kipi, akalirudiarudia neno "kamwene" mpaka abiria wa kiti cha mbele akageuka kumwitikia. Liberatus alihesabu kwamba kila kijito walichokivuka kilikuwa kati ya mke wake na koti la kijivu.

Basi liliposimama Igawa, wapagazi walianza kupandisha magunia ya mchele juu. Sauti ya mtu ilisikika nje, ikielekeza wapi yawekwe. Atuganile aliisikia kabla ya Liberatus. Mkono wake ulisimama juu ya hindi. Kisha akavuta kanga, akateleza kutoka kitini mpaka sakafuni, katikati ya vikapu na kuku wa mtu.

Asukile alipanda, koti lake limelowa.

"Poleni na safari, jamani," alisema, akaanza kuja nyuma akitafuta nafasi.

"Inuka," Liberatus alimwambia mke wake.

"Niache, Kalinga."

"Inuka ukae kitini. Mtazame mbele yangu."

"Siwezi. Nakuomba."

Liberatus alishika kanga akaivuta.

Atuganile alitoa sauti ndogo, akaficha uso wake magotini na kuufunika kwa mikono yote miwili. Kuku aliruka akipiga kelele. Asukile alikuwa amekwisha kuona. Alichukua kofia yake akaibandika usoni, akaanza kurudi kinyumenyume, akamkanyaga kondakta.

"Unakwenda wapi? Umelipa nauli!"

"Nashuka."

"Na magunia?"

"Yatangulie! Nitayafuata kesho."

"Mvua yote hii?"

"Bwana, nimesema nashuka!" Akashuka mgongo mbele, kama mtu anayeteremka ngazi.

Karibu na mlango alikaa bibi mmoja mwenye tenga la ndizi. Alisimama.

"Mrudishie mtoto nguo yake! Unamfunua mbele ya baba mkwe wake, huna haya?"

"Baba mkwe gani?" alisema Liberatus. "Mume wake ni mimi, na baba yangu yuko Iringa."

"Basi ni wa ndoa ya kwanza. Si alikuwa ameolewa? Yule namfahamu, ni wa kwetu Rungwe. Ni mdogo wa baba yake Andendekisye, yule aliyefia Chunya. Baba yao mmoja, mama mbalimbali. Mdogo wa baba ni baba."

"Lakini ni kijana."

"Hata angekuwa ananyonya! Mkwe ni mkwe. Mwanamke wa kwetu hamtazami mkwe, hakutani naye njiani, hataji jina lake. Wewe umekuja kuoa kwetu bila kuuliza?"

"Wahehe hawaulizi, bibi," alisema mtu wa viti vya nyuma. "Wanaoa kwanza, wanauliza ndani ya basi."

Watu walicheka mpaka basi likaondoka. Liberatus alimfunika mke wake kanga kwa mikono yake mwenyewe, akamsaidia kurudi kitini.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia siwezi kumtaja."

"Ungenieleza ni nani."

Atuganile alimtazama, na mshangao wake ulikuwa wa kweli. "Kumbe hukujua? Nilidhani unauliza jina tu."

Liberatus hakuwa mtu wa kucheka ovyo, lakini alicheka. Sao Hill aliteremka akanunua mayai ya kuchemsha, akamenya na kumpa mke wake moja moja, akampa na bibi wa ndizi. Ushahidi wote wa miezi ile ulikuwa umepangwa upya, na kila kipande kilikaa mahali pake: mchele, mtaro, jina lisilotajwa. Makosa yalikuwa ya kutojua, na kutojua hurekebishwa.

Walikuwa wamepita misitu ya miwati wakati hesabu ilipoendelea yenyewe. Mwanamke humpisha baba wa mume wake. Huyu amempisha Asukile sokoni, njiani, mtaroni, na leo sakafuni mwa basi. Amempisha miezi hii hii, wala si wakati ule Andendekisye alipokuwa hai. Kama Asukile ni mkwe wake mpaka leo, basi mume wake mpaka leo ni nani?

Atuganile alikuwa amesinzia begani kwake. Liberatus aliuangalia uso ule uliolala mpaka taa za Iringa zilipoonekana juu ya kilima.

Mzee Silvester Kalinga alikuwa mjane, katekista wa zamani, na alikaa Kihesa, pembezoni mwa mji, na binti yake Verediana aliyeachika. Mtoto wa jicho alikuwa amelifunika jicho lake la kulia na kuanza la kushoto. Aliwapokea uani, mkono umetangulizwa.

"Huyo mtu wa Mbeya yuko wapi? Sogea hapa. Macho yangu siku hizi yanakula karibu."

Atuganile alisogea, akapiga magoti kidogo, akautia mkono wa mzee katikati ya mikono yake miwili. "Kamwene, baba."

"Kamwene! Nani kakufundisha?"

"Basi zima, baba."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Liberatus, akiwa bado na sanduku mkononi, aliangalia. Mke wake hakuacha njia wala hakujifunika. Alimtazama baba mkwe wake usoni.

Alianza kazi katika hospitali ya Iringa, akienda asubuhi na kurudi jioni kwa baiskeli. Kila jioni aliporudi alikuta jambo jipya. Atuganile alikuwa amemkata mzee kucha. Atuganile alikuwa amemshika mkono mpaka kanisani na kumrudisha, yeye Mmoravian, akimsubiri nje kwa sababu, kama alivyosema, Kilatini kinampa usingizi. Alimsomea kitabu cha sala na mzee akamsahihisha kwa kichwa. Mzee alimfundisha Kihehe. Yeye alimfundisha mzee Kinyakyusa, na kwa kuwa mzee alikuwa na meno machache, maneno yalitoka vibaya na wote wawili walilia kwa kucheka. Ulikuwa msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi. Jioni mzee alitoka kwenye kichaka chake cha mianzi kando ya kijito na kibuyu cha pombe mbichi, akapanda kwa njia ile nyembamba inayokata shamba la maharage, na kabla hajafika nusu Atuganile alikuwa ameteremka kumpokea.

"Baba amepata binti," Verediana alimwambia kaka yake. "Mimi nimebaki mpishi."

"Kwetu mkwe huongea na mkamwana namna hii?"

"Anaongea, mbona? Kwa adabu. Mama si alikuwa akimpikia babu?" Verediana alimkagua. "Kaka, wenzako wanagombana na wake zao kwa sababu hawapatani na wazazi. Wewe unataka nini?"

Liberatus alijua anachotaka. Aliulizia hospitalini, kwa mhudumu mmoja aliyetoka Tukuyu, na kupata maelezo kamili: bibi harusi hufundishwa na mama mkwe wake, tangu siku za kwanza, jinsi ya kuinama, upande gani wa kugeukia, nguo ishikweje. Hufundishwa kwa sababu ya mume. Nyumba ya mume ndiyo inayomfanya mtu kuwa mkwe. Liberatus alishukuru na kurudi kwenye darubini yake, lakini kwenye kioo aliona mwanamke kijana huko Rungwe akijifunza kuinama, na mwanamke mzee akimrekebisha bega, na pembeni mtu asiye na uso, Andendekisye, akitazama na kuridhika.

Siku ya Jumapili alimkuta Atuganile peke yake kibarazani, akimenya maharage mabichi.

"Kwa nini baba yangu humpishi?"

Atuganile aliendelea kumenya. "Nimpishe kwa nini? Amenikosea?"

"Yule wa Igawa alikukosea nini?"

"Kalinga, yule ni desturi."

"Na huyu?"

"Huyu ni baba."

"Kwa hiyo yule ndiye mkwe, na huyu ni mzee wa jirani. Yule wa kwanza ndiye mume, na mimi ni nani?"

Mikono yake ilisimama. "Wewe ni mume wangu. Umesahau padri?"

"Padri aliona kwamba amekufa. Nami nilimwamini. Kama amekufa, kwa nini baba yake bado ni mkwe wako?"

"Baba hafi kwa sababu mwana amekufa."

"Unamkumbuka?"

Ganda lilivunjika vidoleni mwake. Liberatus aliona kwamba alikuwa akitafuta jibu la kweli, jambo lililomwumiza kuliko uongo.

"Namkumbuka alivyokuwa akipiga chafya," alisema. "Mara tatu, halafu anaomba msamaha. Sauti yake imenipotea. Nikiulizwa uso wake, naona wa kaka yake. Yule baba mdogo wake simpishi kwa kumpenda mtu, Kalinga. Nilifundishwa nikiwa binti, mwili umeshika. Kwenu nilikuta hakuna, nikafurahi. Baba yako nilimsalimia kwa kupenda mwenyewe."

Lilikuwa jibu zuri. Liberatus alilisikia lote, na ndani yake akashika chafya. Yeye alikuwa na mafua tangu Februari na hakujua kama kuna mtu anayehesabu chafya zake.

"Mpishe baba yangu," alisema. "Kama ulivyompisha yule."

"Unasema kweli?"

"Nasema kweli."

"Sikiliza basi. Kwetu mwanamke akishajifunika mbele ya mkwe, amejifunika. Kujifunua tena ni kumvua mzee nguo. Nikianza siachi. Hutakuja kuniambia kesho imetosha."

"Nimesikia."

"Na baba umemwuliza?"

"Ni jambo langu na lako."

Atuganile alizoa maganda yote kwenye kanga yake, akasimama. "Haya, Kalinga," alisema.

Jioni ya kesho yake Liberatus aliwahi kurudi. Alikuwa akiegemeza baiskeli ukutani alipomwona baba yake anapanda kutoka mtoni na kibuyu, fimbo ikigusa njia, na Atuganile anateremka na ndoo. Mzee alisikia nyayo, akatabasamu kabla ya kuona.

"Kamwene, mwanangu!"

Atuganile aliacha njia. Aliingia katikati ya maharage yaliyolowa, akachuchumaa, akavuta kanga kichwani kwa mkono wa kushoto, akageuza mgongo.

"Mwanangu?" Mzee alisimama. Aligeuza jicho lake lililobaki upande wa shamba, akainua kibuyu kidogo, kama mtu anayeonyesha alichonacho. "Ni wewe? Nimesikia ndoo."

 Mzee alingoja, kisha akaendelea kupanda taratibu, na alipokwisha kupita Atuganile alisimama, akakung'uta kanga, akaenda mtoni.

Liberatus alikuwa amepata alichoomba, na alikiangalia kwa makini kama alivyozoea. Mkono wa kushoto, kisha bega, kisha mgongo: ndivyo ilivyokuwa sokoni, ndivyo ilivyokuwa mbele ya duka la Mhindi. Hakuna kilichobadilika hata kidogo. Mwanamke mzee wa Rungwe alikuwa amelisahihisha vizuri lile bega. Heshima iliyotolewa kwa nyumba ya Kalinga ilikuwa imeshonwa kwa kipimo cha nyumba nyingine, na kila mara itakapotolewa yeye atakuwa akitazama harusi ya Andendekisye.

"Nimemkosea nini mke wako?" baba yake aliuliza usiku wakila, wanaume wawili peke yao.

Liberatus alimweleza desturi ya Wanyakyusa kwa ufasaha, bila kuongeza kitu.

"Ni heshima," mzee alirudia. "Basi mwambie nimeipokea." Akapapasa bakuli la mboga, ambalo siku nyingine lingekuwa limesogezwa karibu na mkono wake. Liberatus alichelewa kuliona hilo, akalisogeza.

Haikupita wiki kabla hajamwambia Atuganile imetosha.

"Nilikuambia," alisema Atuganile.

"Sikujua ingekuwa hivi."

"Mimi nilijua. Ndiyo maana nilikuuliza kama unasema kweli." Hakuwa na hasira. Alikuwa amekonda kidogo, na jioni alikaa jikoni na Verediana mlango ukiwa umerudishiwa, kwa sababu mzee aliota jua kibarazani.

Kucha za mzee ziliota. Verediana alijaribu kumkata, akamkata na nyama. "Mimi si yeye," alisema, akamrushia kaka yake wembe miguuni. "Kata mwenyewe, bwana wa mila za watu."

Mwisho wa Aprili Liberatus alirudi akamkuta baba yake katikati ya shamba la maharage na jembe. Alikuwa ameinama sana ili aone udongo, na nyuma yake mche baada ya mche ulikuwa umelala.

"Baba, unafanya nini?"

"Nalima njia." Mzee alijinyoosha, akaegemea mpini. "Kila nikipita mke wako anachuchumaa kwenye maji. Atapata kifua. Hii itakuwa yangu, inazunguka kule kwenye mianzi. Ile ya zamani nimemwachia."

"Utaanguka huko, hujaizoea."

"Nitaizoea. Yeye si amezoea?"

Liberatus alichukua jembe mkononi mwa baba yake. Alilima mpaka kwenye mianzi, moja kwa moja, kwa kuwa hakuweza kulima kitu kwa kupinda. Aliporudi mzee alikuwa ameketi kibarazani na kibuyu chake, na mlango wa jikoni ulikuwa umerudishiwa.

"Kalinga," Atuganile aliita kutoka ndani. "Mwambie baba uji uko tayari. Mwambie nimeweka karanga, atafune kwa upande wa kushoto."

Liberatus alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka kwa mzee, ambaye alisikia kila neno. Hata hivyo aligeuka akasema, "Anasema uji uko tayari. Una karanga. Utafune kwa kushoto."

"Mwambie," mzee alisema, na kufuatisha maneno ya Kinyakyusa, machache, yaliyopita kwa shida penye mapengo. Alikaza uso kama mtu anayesoma Injili.

"Maana yake nini?"

"Wewe mpelekee tu. Nimefundishwa na mwenyewe."

Liberatus alikwenda mpaka mlangoni. Aliyasema maneno yale kama alivyoyasikia, sauti kwa sauti, bila kuelewa hata moja.  Kisha Atuganile alicheka. Alicheka vile vicheko vya mwezi wa Februari, vya kukosa pumzi, na kibarazani mzee aliposikia alianza naye, akigonga fimbo sakafuni, ukuta ukiwa kati yao.

"Amesema nini?" Liberatus aliuliza.

"Hayo ni ya baba," alijibu Atuganile kutoka ndani, akifuta macho. "Njoo uchukue uji wake, unapoa."

Liberatus alipokea bakuli kwa mikono miwili kupitia mlango ulioachwa wazi kidogo. Lilikuwa la moto sana. Alilishika hivyo hivyo, akasimama katikati ya ua akisikiliza kama watacheka tena.